Pío del Río-Hortega na Seli Zilizokosa Jina: Maisha ya Mtafiti wa Glia (1882–1945)

1.0 Utangulizi

Historia ya utafiti wa ubongo mwanzoni mwa karne ya 20 husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya seli moja tu, yaani seli ya neva, na ya mtu mmoja tu, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitalia Camillo Golgi. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana upungufu. Ndani ya ubongo mna seli nyingine nyingi ambazo hazirushi ujumbe wa umeme kwa namna zifanyavyo seli za neva, nazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa kijazio tu cha nafasi. Mtu aliyezipambanua seli hizo, na kuyapa makundi mawili kati yake majina yanayotumika hadi leo, ni Pío del Río-Hortega. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanakaa zaidi katika miaka mitatu, 1918 hadi 1920, ambamo alipata ugunduzi wake mkubwa na kumpoteza mwalimu wake. Mambo hayo mawili ni vigumu kuyatenganisha.

Suala la majina lina uzito wa pekee katika maisha haya. Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow aliipa dutu iliyo baina ya seli za neva jina la neuroglia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kwake yeye hiyo ilikuwa saruji iliyoshikilia matofali. Jina likautangulia utafiti, na baadaye likauongoza: ni nani atakayepoteza umri wake kuchunguza gundi? Yeyote atakayelitafsiri neno hilo kwa Kiswahili kuwa seli za gundi atakuwa amelitafsiri neno kwa usahihi, na papo hapo atakuwa amelirithi kosa la mwaka 1856. Ndiyo sababu hapa limeachwa kuwa glia, neno la mkopo lisilodai kumweleza msomaji wa Kiswahili kazi ya kitu chenyewe.

2.0 Kutoka Portillo hadi Madrid

Del Río-Hortega alizaliwa tarehe 5 Mei 1882 huko Portillo, mji mdogo katika mkoa wa Valladolid. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Valladolid na kuhitimu mwaka 1905, kisha akarudi kuwatibu watu wa mji wake. Kazi hiyo hakuiweza kwa muda mrefu. Alivutwa zaidi na hadubini kuliko kitanda cha mgonjwa, na muda si muda akaelekea Madrid, ambako tasnifu yake ya udaktari wa falsafa ilihusu uvimbe wa ubongo. Baadaye alipata ufadhili wa kwenda kujifunza Paris na Berlin, lakini Vita Kuu ya Kwanza iliyozuka mwaka 1914 ikamrudisha nyumbani.

Huko Madrid alijiunga na maabara ya Nicolás Achúcarro. Waandishi wengi humpita Achúcarro haraka ili wamfikie Cajal, na huko ni kumdhulumu. Alizaliwa Bilbao mwaka 1880, akafanya kazi Munich chini ya Alois Alzheimer, kisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Washington. Ndiye aliyebuni mwaka 1911 njia ya kutia tishu rangi kwa tanini na fedha, na ndiye aliyekuwa ameshughulikia seli nyembamba zenye umbo la kijiti zinazojitokeza katika ubongo uliougua, ambazo asili yake haikujulikana. Alimzidi del Río-Hortega miaka miwili tu, lakini alikuwa mwalimu wake kwa maana kamili: alimpa njia, na pia alimpa swali. Kuhusu Cajal, yeye alikuwa mkubwa wa wote, mwenye maabara iliyokuwa chini ya paa lilelile. Mwalimu wa walimu.

Achúcarro alifariki mwezi Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 37. Uongozi wa maabara ulimwangukia del Río-Hortega.

3.0 Kipengele cha tatu

Ili uzito wa yaliyofuata ufahamike, ni lazima kueleza tatizo lenyewe. Kipande chembamba cha ubongo kisichotiwa rangi hakionyeshi chochote cha maana chini ya hadubini. Mtafiti huona kile tu ambacho rangi yake imekishika. Kisichoshikwa na rangi, kwake hakipo. Golgi alikuwa ameonyesha mwaka 1873 kwamba chumvi ya fedha huweza kuijaza seli ya neva nzima, pamoja na matawi yake yote. Cajal aliitumia njia hiyo na kuiboresha. Mwaka 1913 aliongeza njia nyingine, ya dhahabu, iliyozidhihirisha kwa uzuri seli za glia zenye umbo la nyota, yaani astrosaiti.

Hata hivyo, dhahabu hiyo iliacha mabaki. Kando ya seli za neva na astrosaiti zilibaki seli ndogo nyingi ambazo ni kiini chake tu kilichoonekana, kikiwa kimezungukwa na utando hafifu, pasipo tawi hata moja. Cajal aliziweka zote katika fungu moja na kuliita kipengele cha tatu cha mfumo wa neva: cha kwanza kikiwa seli ya neva, cha pili astrosaiti. Jina hilo halielezi umbo, wala asili, wala kazi. Ni jina la kuhesabia, na huenda Cajal mwenyewe alilikusudia liwe la muda. Lakini jina la muda likitamkwa na mtu mkubwa hukawia kuondoka, na watu wakaanza kuamini kwamba seli hizo kwa hakika hazina matawi, ilhali lililothibitika ni kwamba dhahabu haikuyaonyesha.

Mwaka 1918, mwaka uleule wa msiba wa Achúcarro, del Río-Hortega alifaulu kutengeneza njia yake ya kabonati ya fedha. Kwa maelezo ni njia nyepesi. Kipande cha ubongo huhifadhiwa katika fomalini iliyochanganywa na chumvi ya bromidi, kwa utaratibu uliobuniwa na Cajal mwenyewe. Hugandishwa na kukatwa vipande vyembamba. Vipande hutiwa katika kabonati ya fedha iliyoyeyushwa kwa amonia. Hatimaye huoshwa na kutiwa katika fomalini hafifu, ambayo huigeuza fedha kuwa nyeusi pale iliposhikamana. Kwa mikono ni kazi nyingine kabisa. Muda ukizidi kidogo, au joto likibadilika, yote huwa meusi au hubaki viini vitupu. Watafiti wa nchi nyingine waliosoma maelezo yake na kuyafuata hatua kwa hatua walishindwa mara nyingi kupata alichokipata yeye, na haishangazi kwamba baadhi yao walimtilia shaka.

Alichokipata kilikuwa hiki: kipengele cha tatu hakikuwa kitu kimoja, na hakikuwa bila matawi. Katika mfululizo wa makala aliyoyatoa mwaka 1919 kwenye jarida la Chama cha Biolojia cha Hispania alizieleza seli ndogo zenye matawi membamba yaliyopinda na kujaa miiba, zilizotapakaa karibu kila mahali katika ubongo. Aliziita mikroglia. Aliendelea kuonyesha kwamba ubongo ukijeruhiwa seli hizo hubadilika: matawi hufupika, mwili huvimba, seli hujongea kuelekea kwenye jeraha, huongezeka idadi, na kumeza mabaki ya seli zilizokufa. Zile seli za umbo la kijiti zilizomshughulisha Achúcarro, pamoja na seli za mviringo zilizojaa mafuta ambazo wanapatholojia walizijua kwa muda mrefu, hazikuwa aina tofauti. Zilikuwa ni mikroglia zikiwa kazini. Swali alilorithi kutoka kwa marehemu lilikuwa limepata jibu.

Kundi la pili alilieleza kwa ukamilifu mwaka 1921 na kuliita oligodendroglia, kwa maana ya glia yenye matawi machache. Seli hizi alizikuta zimejipanga safu baina ya nyuzi za neva, na akapendekeza kwamba ndizo zinazotengeneza mailini, ile ala yenye mafuta inayoufunika uzi wa neva, kama seli za Schwann zifanyavyo katika neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Hakuwa na chombo cha kulithibitisha pendekezo hilo. Uthibitisho ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa hadubini ya elektroni, yeye akiwa amekwisha kufa.

Jambo moja katika makala ya 1919 linastahili kutazamwa na kila anayejishughulisha na istilahi. Del Río-Hortega hakulitupa jina la Cajal. Aliliweka katika kichwa cha mfululizo wake, kipengele cha tatu, kisha akalikabidhi kwa mikroglia peke yake, na kulitoa kundi lililosalia na kulirudisha katika glia ya kawaida. Ni heshima na uasi kwa pamoja. Aidha, yeye aliyeamini kwamba mikroglia hutoka nje ya mfumo wa neva, na kwa hiyo si glia kwa asili yake, ndiye aliyeziita glia. Gundi ya Virchow ilimnasa hata aliyeibandua.

4.0 Mwaka 1920

Cajal hakufurahi. Mwaka 1920 alichapisha makala ambamo aliikubali mikroglia, lakini akasema kwamba Mskoti William Ford Robertson alikuwa ameziona seli hizo miaka ishirini hivi kabla, kwa njia ya platinamu, na kuziita mesoglia. Zile nyingine, zenye matawi machache, hakuzikubali; kwake yeye bado zilikuwa seli zisizo na matawi. Kwa mwanafunzi hayo yalikuwa mapigo mawili: nusu ya ugunduzi wake ilipewa mtu mwingine, na nusu iliyobaki ilikanushwa.

Mwezi Oktoba mwaka huo mambo yalifika mwisho, na Cajal akamtaka aondoke katika maabara. Sababu za kitaaluma hazitoshi kueleza uamuzi huo. Kwa maelezo ya del Río-Hortega mwenyewe, aliyoyaandika miaka mingi baadaye, maneno yalipelekwa kwa Cajal na mtumishi mmoja wa maabara, na mzee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 68, aliyaamini. Maelezo ya upande mmoja hayana budi kupokewa kwa tahadhari. Lakini hata bila mpeleka maneno, mgongano ulikuwa karibu kutoepukika. Cajal alikuwa amewafundisha vijana wake wasiamini chochote ila kilicho chini ya lenzi, na sasa kijana mmoja alikuwa akimwonyesha, kwa fomalini na bromidi za Cajal mwenyewe, kwamba lenzi yake haikuona. Aliyefundisha somo hilo vizuri ndiye aliyeumizwa nalo.

Pamoja na hayo, Cajal hakumwangamiza, ingawa uwezo huo alikuwa nao. Del Río-Hortega alipewa maabara nyingine ndogo katika Residencia de Estudiantes, bweni mashuhuri la Madrid ambamo katika miaka hiyo waliishi pia vijana kama mshairi Federico García Lorca na mchoraji Salvador Dalí. Hapo ndipo ilipokamilika kazi ya oligodendroglia. Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ulitulia baadaye ukawa wa adabu, pasipo kurudi ulivyokuwa. Cajal alifariki Oktoba 1934.

5.0 Mgeni kutoka Amerika

Ugomvi wa kitaaluma ulitatuliwa na mtu wa mbali. Mwaka 1924 Mmarekani Wilder Penfield, daktari kijana wa upasuaji aliyekuwa akichunguza makovu ya ubongo, alichoshwa na slaidi zake zisizoonyesha kitu, akasafiri hadi Madrid kujifunza njia ya fedha kutoka mikononi mwa mwenyewe. Alikaa miezi kadhaa, akaimudu, na mwaka huohuo akachapisha kwa Kiingereza makala juu ya oligodendroglia. Alithibitisha kwamba seli hizo zipo na zina matawi. Alionyesha pia kwamba mesoglia ya Robertson, ile ambayo Cajal alikuwa ameitumia kumpunguzia mwanafunzi wake sifa ya kuigundua mikroglia, haikuwa mikroglia, ilikuwa oligodendroglia. Kwa hiyo kama Robertson alitangulia kuona kitu, aliona hasa kile ambacho Cajal alisema hakipo.

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Makala ya msingi ya del Río-Hortega yaliandikwa kwa Kihispania, katika majarida yaliyosomwa na wachache nje ya nchi yake, wakati ambapo sayansi ya ubongo ilizungumza Kijerumani. Wajerumani Metz na Spatz walipozithibitisha seli za mikroglia mwaka 1924 waliziita seli za Hortega, na ndipo wengi walipozisikia. Penfield aliifanya kazi hiyohiyo kwa wasomaji wa Kiingereza: mwaka 1927 waliandika pamoja makala juu ya kovu la ubongo, na mwaka 1932 kitabu kikubwa alichokihariri kilikuwa na sura ya mikroglia iliyoandikwa na del Río-Hortega. Ni sura hiyo, zaidi ya makala ya 1919, iliyowafikia watafiti wa vizazi vilivyofuata. Ugunduzi ulikuwa umengoja miaka kadhaa mlangoni mwa lugha. Wanaoandika sayansi kwa Kiswahili wanaufahamu mlango huo.

6.0 Saratani, vita na uhamisho

Jina lake lilikua. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 na tena mwaka 1937, bila kuipata. Kutoka mwaka 1928 alifanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani huko Madrid, na mwaka 1931 akawa mkurugenzi wake. Huko alirudia somo la tasnifu yake, uvimbe wa ubongo, akiwa sasa na uwezo wa kuutambua kwa aina ya seli uliotokana nazo. Hata hivyo, mwaka 1934 Chuo cha Kitaifa cha Madaktari mashuhuri wa Hispania hakikumchagua kuwa mwanachama. Mtu aliyependekezwa na wageni kwa tuzo kubwa kuliko zote hakupata kiti nyumbani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Julai 1936. Taasisi ilikuwa katika eneo la Moncloa, na mwezi Novemba eneo hilo likawa mstari wa mbele wa mapigano. Del Río-Hortega, aliyekuwa upande wa Jamhuri, alihamia Valencia, kisha Paris katika hospitali ya Pitié kwa daktari wa upasuaji Clovis Vincent, kisha Oxford kwa Hugh Cairns, ambako alitibua tena maswali ya uvimbe wa ubongo. Mwaka 1940, Ulaya nzima ikiwa vitani, alivuka bahari kwenda Buenos Aires, mji aliokuwa amewahi kuutembelea na kutoa mihadhara mwaka 1925. Hakuoa, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake wa maisha alikuwa naye katika uhamisho huo.

Asasi ya utamaduni ya Wahispania wa Argentina ilimpatia maabara. Akiwa na karibu miaka sitini alianza upya: alianzisha jarida la elimu ya tishu, aliwalea wanafunzi wapya, miongoni mwao Moisés Polak, na aliipeleka fedha yake katika mafundo ya neva yaliyo nje ya ubongo. Huko alidai kwamba seli zinazoizingira kila seli ya neva katika mafundo hayo nazo ni za jamii ya glia. Hii ni sehemu ya kazi yake isiyosomwa sana, na sababu huenda ni ileile ya awali: ilichapishwa mbali, kwa Kihispania, wakati wa vita. Alifariki kwa saratani tarehe 1 Juni 1945.

7.0 Baada yake

Kwa miaka mingi baada ya kifo chake mikroglia zilisahauliwa kiasi kwamba walikuwapo waliotilia shaka kama kweli ni kundi la pekee. Sababu moja ilikuwa ya mikono tu: waliojua kuitumia kabonati ya fedha walipungua, na kwa asiyejua kuitumia, seli hazikuonekana. Hoja ya kipengele cha tatu ilikuwa imejirudia kwa sura nyingine.

Mambo yalibadilika zilipopatikana njia mpya za kuzitambua. Mwaka 2005 watafiti waliotazama ubongo wa panya aliye hai waliona kwamba matawi ya mikroglia hayatulii hata pasipokuwa na jeraha. Hunyoshwa na kurudishwa bila kukoma, kana kwamba yanapapasa jirani zake. Mwaka 2010 ilionyeshwa, pia katika panya, kwamba seli hizo hutokana na seli za mfuko wa kiini cha yai la kiinitete na kuingia katika ubongo mapema sana. Del Río-Hortega alidhani kwamba hutoka katika tando zinazoufunika ubongo. Njia aliyoitaja haikuwa sahihi. Lakini kwamba ni wahamiaji waliotoka nje ya mfumo wa neva, hilo alilisema mwanzoni na wengi hawakumwamini. Katika mwaka 2011 na 2012 ziliripotiwa tafiti zinazoonyesha kwamba mikroglia humeza baadhi ya viungio vya seli za neva ubongo unapokua. Hapo si gundi tena. Zinashiriki katika kuamua ni neva ipi iendelee kuungana na ipi.

Mwaka 1986 mabaki yake yalitolewa Argentina na kuzikwa Valladolid, katika makaburi ya watu mashuhuri wa mji huo. Mwaka huohuo kilichapishwa huko Madrid kitabu alichokuwa amekiandika uhamishoni na kukiacha katika karatasi zake, ambacho ndani yake aliueleza mwaka 1920 kwa upande wake. Kinaitwa, kwa tafsiri, Mwalimu na Mimi.